Likizo ya Kusini na mbwa msaidizi: mwongozo kamili wa Lindi na Mtwara kwa familia

Ukishuka garini Mtwara ukiwa na mbwa, swali la kwanza utakaloulizwa ni "Anauma?" Huku mbwa anajulikana kwa kulinda nyumba na kufukuza nguruwe pori shambani. Mbwa anayemwongoza mtu asiyeona, au anayemtuliza mtoto mwenye usonji katikati ya kelele, bado ni mgeni machoni pa wengi. Hilo linarekebishika kwa maneno mazuri yakisemwa mapema. Joto halirekebishiki kwa maneno, ndiyo maana safari nzima ya Kusini hupangwa kwa saa za mbwa. Saa za watoto na za mpishi wa hoteli zinafuata baadaye. Familia ikikubaliana hilo kabla ya kufunga mizigo, mengi yanakuwa mepesi.

Chagua mwezi kwanza

Lindi na Mtwara zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingine kuingia Mei. Msikate tiketi za kipindi hicho. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar–Lindi upande wa Kilwa, magari yakakwama, na gari lililokwama juani lina hatari zaidi kwa mbwa kuliko kwa abiria mwingine yeyote.

Juni hadi Septemba ndio wakati wenyewe. Kusi linavuma, jua halichomi sana na barabara ni kavu. Dosari yake ni salfa. Mikorosho ikianza kutoa maua, wakulima huipuliza salfa ya unga dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na hufanya hivyo alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungalipo majanini. Saa hizo ndizo mbwa wako angependa kutembea. Ukiona vumbi la njano kati ya miti, geuza njia. Akishapita humo na kuanza kupiga chafya na kusugua macho kwa mguu, mwoshe macho kwa maji safi ya chupa, yakimiminika toka kona ya ndani kwenda nje, kisha mfute manyoya kwa kitambaa kibichi kabla hajajilamba.

Oktoba hadi Desemba ni mavuno ya korosho. Chini ya mti kunakuwa na mabibo yaliyodondoka na korosho zake zikiwa zimening'inia. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayobabua ngozi, na mbwa akilitafuna midomo na ulimi hupata malengelenge. Mabibo yaliyochacha yana kilevi. Mbwa anayeokotaokota chakula chini asiingie shamba la mikorosho miezi hiyo, hata kwa dakika tano za kujisaidia.

Karatasi, chanjo na dawa: anza wiki sita kabla

Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo ya kwanza. Kama ni ya mara ya kwanza, hesabu angalau siku 21 kabla ya kuondoka ili kinga ikamilike. Ongeza chanjo ya mchanganyiko inayojumuisha leptospira, kwa sababu mbwa atakanyaga madimbwi yenye mkojo wa panya.

Usafirishaji wa wanyama toka wilaya moja kwenda nyingine unasimamiwa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Nenda kwa daktari wa mifugo wa wilaya yako na kadi ya chanjo, uombe cheti cha afya na kibali cha kusafirisha, na kitaje jina la mbwa, rangi, namba ya chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi kama anayo, na wilaya mnazokwenda. Toa nakala tatu: moja garini, moja kwenye pochi ya mwenye mbwa, moja picha kwenye simu. Weka pia barua fupi ya daktari wa binadamu inayosema kwamba mhusika anamhitaji mbwa huyu kwa sababu ya ulemavu. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, lakini usitegemee kumsomea kondakta kifungu saa kumi na moja alfajiri. Barua yenye mhuri inasomeka haraka zaidi.

Dawa ya kupe ni ya lazima. Kupe wa pwani hueneza magonjwa ya damu, na vidonge vya kutafuna vya kila mwezi hufanya kazi vizuri. Mpe siku tatu kabla ya safari ili mjue kama tumbo linavikubali mkiwa bado karibu na daktari wenu. Kosa linalojirudia ni mtu kufika kijijini, kuona kupe, na kumwogesha mbwa kwa dawa ya josho la ng'ombe aliyoazima kwa jirani. Vipimo vya ng'ombe vinaweza kumpa mbwa sumu. Kama mtakatiza kuelekea Liwale, karibu na mapori ya Selous, kuna mbung'o, na kidonge cha kupe hakimfukuzi mbung'o. Pandisheni vioo.

Chakula pima hivi: gramu anazokula kwa siku, mara siku za safari, ongeza za siku tatu. Kwa mbwa wa kilo 30 anayekula gramu 400, likizo ya siku 10 ni kilo 5 na gramu 200. Chakula cha mbwa cha dukani ni adimu ukishapita Kibiti, na kubadili chakula ghafla kunamharisha mbwa ndani ya gari lenye watu watano.

Barabarani

Dar hadi Mtwara ni takribani kilomita 560. Lami ipo, ila msifunge safari kwa siku moja. Laleni Kilwa Masoko au Lindi. Kwa Kilwa mnaacha barabara kuu Nangurukuru na kushuka kama kilomita 30 hivi.

Gari la familia au Noah ya kukodi ni bora kuliko basi. Kwenye basi mbwa mkubwa hana pa kulala isipokuwa njiani, na njiani ndipo vinapowekwa viroba na ndoo. Kama hamna budi, fikeni ofisi ya basi siku moja kabla mkiwa na mbwa mwenyewe wamwone, nunueni viti viwili vya mbele vilivyo pamoja ili alale miguuni, na mwombe mkata tiketi aandike "abiria na mbwa msaidizi" kwenye tiketi. Kwa ndege ya Dar–Mtwara, saa moja tu angani, andikieni shirika mapema na msiende uwanjani bila jibu la maandishi.

Ndani ya gari mbwa akae sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, upande usio na jua. Mnapoelekea kusini asubuhi jua liko kushoto, kwa hiyo mkae naye kulia, nyuma ya dereva, kisha mchana mbadilishane. Mkanda wa kifuani ufungwe kwenye mkanda wa gari, usifungwe shingoni. Simameni kila baada ya saa mbili na nusu au tatu. Mlisheni saa nne nzima kabla ya kuondoka ili asitapike, na mpeni maji kidogokidogo njia nzima. Mbwa anahitaji kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kwenye joto weka mara mbili. Kwa mbwa wa kilo 30 hayo ni zaidi ya lita tatu, basi beba dumu lake la lita tano. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi yanayomwongezea kiu.

Kituoni, mbwa hasubiri ndani ya gari. Joto la gari lililozimwa juani hupanda karibu nyuzi 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo, hata kioo kikiwa wazi kidogo. Kuleni kwa zamu. Na anaposhuka kujisaidia karibu na Mto Rufiji au mto wowote mkubwa, kamba iwe fupi na msimsogeze majini. Mamba hachagui mbwa mwenye cheti.

Nyumba ya kulala

Msiulize "Mnaruhusu mbwa?" Jibu litakuwa hapana, maana anayejibu anamfikiria mbwa mlinzi. Tumeni ujumbe unaoeleza kila kitu kwa mkupuo, kama huu:

"Habari za leo. Tunakuja watu watano, tutalala siku nne kuanzia tarehe 3 Agosti. Mmoja wetu haoni, anaongozwa na mbwa aliyefundishwa. Mbwa analala chumbani kwetu, chini, kwenye mkeka wake. Hapandi kitandani, haingii jikoni wala sehemu ya kuswalia, na chombo chake cha chakula tunacho. Amechanjwa, cheti kipo. Tunaomba chumba cha chini chenye sakafu ya vigae. Wahudumu wasiopenda kuingia akiwepo watuambie saa, tutatoka naye. Tunaomba jibu kwa maandishi."

Sentensi ya wahudumu ndiyo inayofungua mlango. Mwenye hoteli huwa anahofia zaidi mfanyakazi atakayegoma kufagia kuliko mbwa mwenyewe.

Najisi, na adabu ya mtaani

Wakazi wengi wa pwani hii ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Kwao mate ya mbwa ni najisi nzito, na mbwa aliyelowa akigusa nguo au mkeka, kilichoguswa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mbwa mkavu akipita karibu hadhuru kitu. Tofauti hiyo ya kavu na kibichi ndiyo mtakayoishi nayo. Mbwa akitoka baharini, mkausheni kwa taulo kabla hajapita barazani kwa watu, kaeni upande wa chini ya upepo akijikung'uta, na pua yake isifikie kanzu ya mtu. Beba kopo la maji na kitambaa safi. Akimgusa mtu kwa bahati mbaya, omba radhi palepale na umpe maji. Usianze kumweleza kwamba mbwa wako ni msafi. Usafi unaozungumzwa hapo si wa sabuni.

Mkeka uliotandikwa mlangoni haukanyagwi na mbwa, hata kama nyinyi mmekaribishwa. Ijumaa kuanzia saa sita mchana, njia ya msikitini iepukeni.

Salamu zitangulie mbwa. Anayeona atembee hatua chache mbele: "Shikamoo babu. Nyuma yangu anakuja baba, haoni, anaongozwa na mbwa. Hana ubaya, anapita tu." Mzee akishaitikia "Marahaba, piteni," watoto waliokuwa wameokota mawe huyaacha wenyewe. Kwa dereva wa bajaji sema kabla hajamwona: "Kaka, tuko watatu na mbwa mmoja. Anakaa chini, shuka la kutandika ninalo, nitaongeza elfu mbili." Akikataa, mshukuru na uite mwingine.

Watoto wenu nao wana sheria. Mbwa akiwa amevaa mkanda wa kazi, anayezungumza naye ni mtu mmoja tu, yule anayemhudumia. Mkanda ukivuliwa, wacheze. Likizoni sheria hii ndiyo huvunjika kwanza, na mbwa aliyechanganywa anaanza kukosea kingo za barabara.

Mbwa koko wapo, hasa karibu na masoko ya samaki. Akija mmoja kwa kasi, anayeona ajiweke kati yake na mbwa wenu, ainame kama anayeokota jiwe. Mbwa wa huku wanaijua ishara hiyo na wengi hugeuka hata kama mkono ni mtupu. Msikimbie, na msimwachie wenu kamba apigane. Mtu akiumwa au kukwaruzwa: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Ligula ipo Mtwara mjini, Sokoine ipo Lindi mjini. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba.

Siku inavyokwenda

Toka kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, kisha saa kumi na nusu jioni hadi magharibi. Katikati mbwa yuko kivulini kwenye sakafu ya vigae, feni ikizunguka, na familia inagawana: nusu waende sokoni kutafuta ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa) na pweza, nusu wabaki. Kabla ya kukanyaga lami au mchanga mkavu, weka nyuma ya kiganja chako chini na uhesabu hadi saba. Ukitoa mkono kabla, nyayo zake zitaungua. Viatu vya mbwa vinasaidia ikiwa alivizoea wiki mbili nyumbani. Akivalishwa kwa mara ya kwanza ufukweni Shangani, Mtwara, atatembea kama anakanyaga matope.

Siku ya kwanza muwe wapole: Mikindani jioni, kilomita kama 10 toka Mtwara mjini. Vichochoro vyake vina mbuzi na paka, ni zoezi zuri la kumrudishia mbwa utulivu baada ya barabara ndefu, na wengine wataona Boma la Wajerumani la mwaka 1895.

Kilwa Kisiwani inahitaji mipango zaidi. Chukueni kibali cha magofu Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na mwombeni nahodha saa ya maji kujaa, maana maji yakipwa mtashukia kwenye tope na mawe ya matumbawe yanayokata nyayo. Kabla ya kupanda, mvueni mbwa mkanda wenye mpini mgumu, unanasa kwenye kamba, mkamvalisha jaketi la kuelea lenye kishikio mgongoni. Asiyeona apande kwanza, aketi, aguse ukingo pande zote mbili. Kisha watu wawili wamwinue mbwa, mmoja mkono kifuani, mwingine chini ya mapaja, injini ikiwa imezimwa. Sakafuni tandikeni gunia, kwa kuwa maji ya chini ya mashua huwa na mafuta na pengine ndoano. Kisiwani gawaneni zamu. Magofu yale, yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yana Msikiti Mkuu ambao watu bado wanauheshimu kama msikiti, na kuna visima vya kale vilivyo wazi. Asiyeona aingie ameshika mkono wa mwanafamilia, mbwa abaki kivulini na mwingine.

Msimbati kuna bahari ya kuota, lakini njia ina mchanga laini, kivuli ni kidogo, na mko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ulizeni ofisi ya hifadhi kuhusu mbwa kabla ya kuingia. Akiruhusiwa, asiachiwe kamba hata mara moja, maana kasa hutaga mchangani na mbwa hufukua. Hifadhi za taifa zenyewe, ikiwamo ya Nyerere, hazipokei wanyama wa kufugwa, kwa hiyo mwenye hamu ya tembo aende siku hiyo bila mbwa. Joto likiwashinda, pandeni Newala kwenye uwanda wa Makonde kuna ubaridi. Pale Shimo la Mungu, genge refu la Newala, simameni mbali na ukingo, na mbwa awe upande wa ndani.

Ufukweni chunga zaidi bunju, yule samaki anayejivimbisha. Wavuvi humtupa, jua linamkausha, mbwa anamwona kitoweo, na sumu yake inalegeza misuli mpaka ya kupumulia. Anayeona atangulie mita kumi akikagua mchanga. Maji ya bahari akiyanywa mengi atatapika na kuharisha, basi mpe maji baridi kabla hajayafikia mawimbi. Mkirudi, mwogeshe kwa maji ya bomba na umkague kupe kwa vidole: ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkia, kati ya kucha. Kupe unamshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi, unamvuta sawasawa bila kumzungusha. Usimpake mafuta ya taa.

Joto likimzidi

Dalili ni kuhema kusikotulia hata kivulini, ulimi mwekundu sana, mate mazito yanayovutika, kisha kuyumba. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, likipita 40 ni dharura. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima hasa tumboni na mapajani, mkimpepea mfululizo. Msimfunike kwa kitenge kilicholowa, kinazuia joto kutoka. Kipimajoto cha njia ya haja kikisoma 39.5, acheni kumwagia, asije akapoa kupita kiasi. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo hata kama ameshasimama, kwa kuwa figo huonyesha madhara siku inayofuata. Namba za madaktari wa mifugo wa halmashauri za Kilwa, Lindi na Mtwara ziwe kwenye simu kabla ya kuondoka. Kwa vipimo vya damu, Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo Mtwara.

Mnaokuja kutoka nje ya nchi

Chipu iwekwe kabla ya chanjo ya kichaa, la sivyo chanjo haihesabiki. Kibali cha kuingiza mnyama kinaombwa kwa mamlaka ya mifugo, chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi, kabla ya kupanda ndege. Kazi kubwa ni kurudi. Kwa Umoja wa Ulaya na Uingereza, fanyeni kipimo cha damu cha kinga kabla ya kuondoka huko, siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisome angalau 0.5 IU kwa mililita. Mkisahau na kukifanya huku, mbwa anasubiri miezi mitatu. Kurudi Uingereza kunahitaji pia dawa ya minyoo ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Mbwa aliyechanjwa Marekani atoke huko na fomu ya chanjo iliyothibitishwa na USDA (Wizara ya Kilimo ya Marekani), kwa sababu Tanzania imo kwenye orodha ya Marekani ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa.

Wiki tatu baada ya kurudi

Mpimeni joto kila baada ya siku mbili na kuangalia fizi. Fizi zilizopauka, kukosa hamu ya kula, damu puani au mkojo mweusi ni dalili za magonjwa ya kupe. Jicho lililofanya ukungu pamoja na homa, mkiwa mlipita njia ya Liwale, ni dalili ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mwambieni daktari tangu mlangoni kwamba mbwa ametoka Kusini na tarehe mliyorudi, achukue damu ya kuangalia kwenye hadubini kabla ya kumchoma sindano yoyote.